Chumvi Katika Uji wa Mama

Mwezi uliopita tulimzika Mama Minza kijijini kwake Didia, na chai ya msibani ilikuwa na tangawizi kali. Aliyeipika alikuwa ameitwanga bila kuimenya, na ule ukali ulinipanda puani kabla kikombe hakijafika mdomoni. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine, khanga kiunoni, mtu mzima mwenye kazi yake na watoto wanaomsubiri Shinyanga mjini. Harufu ile iliponiingia nikawa tena mtoto wa darasa la pili pale Masumbwe, nimesimama mlangoni mwa chumba cha mama, ninaogopa kuingia kwa sababu sijui aliyelala mle ndani ni nani.

Sijawahi kukisimulia kisa hiki chote kwa mtu. Nikijaribu, vipande vinanijia shaghalabaghala, na vingine hadi leo sijui vilitangulia au vilifuata. Wenzangu wa rika langu waliokulia huku wataelewa. Tulilelewa na watu waliotupenda sana, lakini jambo likiwa zito walilifunika, nasi tukabaki kulizunguka na kulinusanusa, kila mmoja akijipikia maelezo yake.

Mama yangu alikuwa msusi. Baraza yetu ilikuwa na stuli fupi, mkeka, ndoo ya rasta, na kopo la mafuta ya nazi ambayo jua lilikuwa likiyayeyusha kila mchana. Walikuja kwake mama lishe wa machimboni, walimu, wake wa wafanyabiashara wa mchele, na wasichana wanaokwenda harusini Kahama. Akisuka twende kilioni mistari ilinyooka kana kwamba imepigwa rula. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku mdomo ukipiga soga, na mimi nilikaa kando nikikusanya nywele zilizodondoka, kwa sababu jioni mama alizichoma zote. Alisema nywele za watu si za kuachwa zikipeperuka.

Halafu wakaanza kusema mama anaumwa kifua.

Mimi kifua nilikijua. Ni kukohoa, kupakwa dawa ya kuchua na kulala umejifunika gubigubi. Mama hakuwa anakohoa. Nilimsikiliza kwa makini kabisa, nikingoja kikohozi, na hakikuja. Ila nilimwona siku moja amesimama nyuma ya pazia, mkono ameuingiza ndani ya blauzi, amekodoa macho ukutani kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Siku chache baadaye baba alirudi kutoka machimboni katikati ya wiki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakaondoka wote wawili kwenda Mwanza. Bibi, mama yake mama, akaja kukaa nami.

Mama alikaa Mwanza muda mrefu. Taarifa zilifika kwa simu ya bibi, ambayo aliishika mbali na sikio kwa kuwa ilikuwa na kelele, kwa hiyo nilisikia kila kitu na sikuelewa chochote. "Wamelitoa lote?" bibi aliuliza. Kitu gani kimetolewa, hakusema. Siku nyingine sauti ya baba ilisema, "Kwanza dripu. Wakimaliza hizo, watampiga mionzi."

Nilimfuata bibi jikoni. "Bibi, mama atapigwa na nani?"

"Nani kakwambia atapigwa?"

"Baba kasema watampiga mionzi."

Bibi alinisukumia ndoo. "Kachote maji," akasema.

Nilichota maji. Nilidhani mionzi ni aina ya fimbo, labda ya chuma, kwa kuwa Mwanza ni mji mkubwa na vitu vyao ni vya chuma. Nilijiuliza mama alimkosea nani.

Kisha asubuhi moja nilitoka nje nikamkuta bibi amekaa kwenye stuli ya mama, jirani anamnyoa kwa wembe. Nywele zake nyeupe zilikuwa zikianguka begani. Alipomaliza kunyolewa alijipaka mafuta kichwani, akaendelea na kazi kama kawaida.

Kwetu kichwa kinanyolewa ndugu akizikwa. Babu alipofariki tulinyolewa sisi sote, hata mimi. Kwa hiyo niliuliza ni nani amekufa, na bibi akajibu kwa haraka, "Hakuna aliyekufa. Nywele zinaota, wewe mtoto." Jibu hilo ndilo lililonitisha. Nilianza kuwapitia watu wetu mmoja mmoja. Bibi yupo. Mjomba alipiga simu juzi. Baba sauti yake naisikia. Mama sauti yake sikuwa nimeisikia tangu aondoke.

Rafiki yangu Kabula alikaa nyumba ya jirani. Alikuwa mbele yangu darasa moja, na kwa hesabu zangu za wakati ule alijua kila kitu kilichopo duniani.

"Kwenu nani kafa?" aliniuliza tukiwa kwenye foleni ya bomba.

"Hakuna."

"Mbona bibi yako kanyoa?"

"Sijui."

Kabula aliweka ndoo chini. Akanieleza kwamba mtu anaweza kuliliwa na kuzikwa na watu wakala ubwabwa wa matanga, kumbe hakufa. Wabaya wamemchukua wamemfanya msukule. Wanamnyoa, wanamkata ulimi asiseme, wanamlisha pumba, anawalimia mashamba. Na kamwe hawampi chumvi. "Akionja chumvi tu," Kabula alisema, "anazinduka. Anakumbuka kwao. Anarudi kuwa mtu." Kuna kijiji, aliapa kwa mama yake, mtu kama huyo alirudi nyumbani wakati kaburi lake limeshaota majani.

Mama alirudi mchana, jua likiwa kali. Bajaji ilisimama mbele ya nyumba, baba akashuka, kisha akamshika mkono mtu. Mtu huyo alivaa gauni la mama. Alikuwa mwembamba, mweusi kuliko mama, na kilemba kilishuka hadi kwenye nyusi. Alipofika barazani nilimwamkia kama ninavyomwamkia mgeni, nikipiga goti, macho chini.

"Shikamoo."

"Marahaba, Leti," akajibu, na maneno yalimtoka kama mtu aliyeweka kaa la moto mdomoni. Hakuufungua mdomo. Ulimi sikuuona.

"Njoo," akasema. Nilikwenda. Nikaegemeza kichwa pale nilipokuwa nikikiegemeza tangu nizaliwe, upande wa kushoto, na pale hapakuwa na kitu. Palikuwa bapa na pagumu kama ubao uliofungwa kitambaa. Alishtuka, akanisukuma. Nilimwona akiuma midomo, na sikujua kama ni hasira au nini. Kilemba kilikuwa kimesogea. Ndani yake hapakuwa na unywele hata mmoja.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mpelelezi katika nyumba yetu wenyewe. Kucha zake zilikuwa nyeusi. Hakuongea ila kwa minong'ono. Chakula chake bibi alikipika kando, katika sufuria ndogo, na uji wake wa ulezi ulikuwa na rangi ya pumba iliyolowekwa. Na siku ile nilipotaka kusaidia kuunga mboga, bibi alinidaka mkono. "Usiweke chumvi kwenye ya mama yako!" Kumbe bibi anajua, nikawaza. Kumbe wote wanajua.

Jambo la ajabu ni kwamba hata hivyo nilimpenda yule mtu wa chumbani. Nilimpelekea maji, nikamfukuzia nzi. Nilikuwa ninaogopa na ninampenda kwa wakati mmoja, na hizo hisia mbili hazikukubali kukaa pamoja, kwa hiyo niliishia mlangoni. Baba naye aliishia mlangoni. Alikuja kutoka machimboni na vumbi la mwamba kwenye nyusi, akakaa barazani, akaniita. "Nenda kamwambie mama yako pole." Niliingia nikasema, baba anasema pole. "Mwambie asante," alinong'ona. Nikatoka nikasema, anasema asante. Ukuta wa tofali moja uliwatenganisha na wangeweza kusikilizana bila mimi.

Wateja walikoma. Mara ya kwanza mama alipojaribu kushika chanuo lilimdondoka. Vidole vilikuwa na ganzi, alimwambia bibi, hasikii kama anashika kitu. Lakini si hilo tu. Mwanamke mmoja ambaye zamani alikuwa hapiti bila kuketi kwenye mkeka wetu alikuja akasimama mbali, karibu na mti wa mwarobaini, akaanza kusalimia kwa sauti ya juu.

"Mama Leti, pole na kuumwa."

"Ahsante," bibi akamjibu kwa niaba yake.

"Nilitaka kuuliza tu. Zile nywele zangu za siku ile, zilikwenda wapi?"

Mama, ambaye siku hiyo alikuwa ametolewa nje kuota jua, aliinua uso. "Nilizichoma," akasema. "Kama siku zote."

"Haya. Nilikuwa nauliza tu." Akaenda zake, na hakurudi. Mama alibaki akiangalia pale aliposimama yule mwanamke. Sikujua kwa nini swali dogo kama lile limemfanya aombe kurudishwa ndani.

Ndipo alipokuja Mama Minza. Alishuka kwenye bodaboda kutoka stendi, kuku amemning'iniza mkono mmoja, mfuko wa tangawizi mkono mwingine, akapaza salamu ya Kisukuma toka barabarani, "Mwangaluka!" kama mtu anayejua atapokelewa. Alikuwa mrefu, mweusi, na nywele zake zilikuwa fupi laini kama manyoya ya kifaranga. Hakubisha hodi chumbani. Aliingia tu. Nikasikia kitanda kikilia kwa uzito wake, halafu sauti yake ikisema, "Umeona mwenzangu? Mimi zimeota. Na wewe zitaota. Wewe sasa ni wetu."

Wewe sasa ni wetu.

Nilimwendea Kabula mbio. Kabula alifikiri kidogo tu. "Huyo ndiye mwenye msukule wake," akasema. "Huwa wanakuja kukagua."

Alikagua mara nyingi. Kila mama aliporudi kutoka Mwanza, hazikupita siku nyingi bila Mama Minza kutokea, na nyumba yetu ikajaa harufu ya tangawizi, kwa sababu alimfundisha mama kuimumunya ili kichefuchefu kipungue. Akiwapo, mlango ulifungwa, na kutoka ndani nilisikia vicheko ambavyo sisi wa nyumbani hatukuvipata. Hilo liliniuma kuliko yote. Sisi tulipata minong'ono, mgeni akapata vicheko. Nilijibanza dirishani nikasikia wakitaja mambo ya kutapika, ya choo, ya mwanamume fulani aliyemkimbia mkewe, na wakicheka kana kwamba ni harusi.

Safari moja alikuja na wenzake. Mmoja alikuwa mama mnene kutoka Buseresere, anayeuza dagaa, sauti yake ya sokoni. Mwingine alitoka Kahama, mwanamke kijana, mpole, hakusema sana. Wote walikuwa na vilemba. Niliwaona wakikaa barazani kwetu wakimzunguka mama, na nikahisi kuwa wamekuja kumchukua kabisa.

Bibi alikuwa amekwenda mashine kusaga. Aliniachia uji wa mama kwenye moto, akaniagiza ukipoa kidogo nimpelekee. Niliumimina kikombeni. Kopo la chumvi lilikuwa kwenye kichanja. Nilichota kiganja kizima, nikakoroga kwa kidole mpaka ikayeyuka. Sikuwa na nia nyingine yoyote. Nilitaka azinduke kabla hawajaondoka naye.

"Mama, uji."

Akapokea kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja haukutosha. Akapiga funda kubwa.

Mlio alioutoa sijausikia tena. Kikombe kilianguka, uji ukatapakaa mkekani, naye akainama amejishika mdomo akimwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane! Mayu wane!" Wale wanawake waliinuka wote kwa pamoja. Nami, katikati ya vurugu hiyo, nilimsogelea nikamtazama usoni kwa karibu.

"Mama, umeamka?"

Mama Minza aliokota kikombe, akachovya kidole, akaonja. "Chumvi," akasema. "Chumvi tupu. Nani amekutuma, mwanangu?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

"Ili aamke. Arudi."

"Arudi kutoka wapi?"

Nikaanza kulia, na nikiwa ninalia nikasema yote: bibi kanyoa, mama kanyolewa, hana ulimi, anakula pumba, hapewi chumvi, ametolewa kitu kifuani, watampiga mionzi, na nyinyi mmesema ni wenu. Nilimwonyesha Mama Minza kidole. "Wewe ndiye mwenye misukule."

Nilingoja kofi. Hapakuwa na aliyecheka wala aliyenikemea. Yule kijana wa Kahama alijifunika uso kwa upande wa khanga. Mama wa Buseresere alishusha pumzi ndefu, akakaa. "Mimi mume wangu alihamia kulala sebuleni bila kuuliza hata swali," akasema. "Huyu angalau kaja na chumvi."

Mama Minza alikuwa ameshampa mama maji. Mama alisukutua, akatema, akasukutua tena. Kisha akanivuta kwa mkono. "Tazama," akasema, akafungua mdomo wote. Ulimi ulikuwapo. Ulikuwa mwekundu, na pembeni una vidonda vyeupe vyeupe, vingi, na ndani ya mashavu vingine. "Ndiyo maana siongei vizuri. Ndiyo maana sili chumvi. Ni dawa ya dripu inaunguza. Hata nywele ni hiyo dawa imezing'oa."

"Na bibi?"

"Bibi kanyoa ili nisiwe peke yangu."

Nilifikiri. Yalikuwa mengi. "Kwa hiyo wewe ni mama?"

Sasa hapa ndipo ninapopakumbuka kuliko mahali pengine pote. Nilitegemea aseme ndiyo. Mtu mzima yeyote angesema ndiyo. Mama alitokwa machozi, na sikujua ni ya chumvi au ya nini.

"Sijui, Leti," akasema. "Kuna asubuhi naamka najishika kichwa, naona si changu. Najishika kifua, si changu. Vidole havisikii. Najiuliza kama bado nipo. Watu wanakuja wananiambia jipe moyo, utapona. Hakuna aliyeniuliza kama nipo. Wewe ndiye umeuliza."

Akalia kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akilia hivyo, mdomo wazi kama mtoto. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama wa Buseresere alimshika mguu, wa Kahama akamshika bega, na Mama Minza akanipakata mimi.

"Mwanangu," akaniambia sikioni, "mimi similiki mtu. Mama yako na mimi tulitundikiwa dripu chumba kimoja, mimi nikimalizia, yeye akianza. Nikitapika mimi, yeye ananishikia beseni. Akitapika yeye, nashika mimi. Ndiyo maana nasema ni wetu. Ugonjwa wenyewe unaitwa saratani. Ulimwota kwenye ziwa, wakalikata. Mionzi siyo fimbo, ni mwanga mkali unaounguza mabaki yake. Umesikia?"

"Ndiyo."

"Umeelewa?"

"Hapana."

"Hata mimi sijaelewa vizuri," akasema. "Tutaelewa polepole."

Bibi alirudi na unga kichwani akakuta watu wote wanalia na uji umemwagika. Alipoelezwa alikasirika, akatua unga kwa kishindo. "Mambo hayo haambiwi mtoto!"

"Hakuambiwa, mama," Mama Minza akamjibu kwa heshima. "Ndiyo maana akajiambia mwenyewe."

Jioni wageni walipoondoka, mama aliniita kitandani. Akaniomba kitu. Kila asubuhi, kabla sijaenda shule, nipite chumbani nimtazame vizuri, nimwambie kama yupo.

"Nitajuaje?"

"Utatazama tu. Kisha utaniambia."

Basi nikapata kazi hiyo. Nilipita na sare yangu, nikasimama karibu na mto, nikamkagua uso, mikono, macho. Nilichukua muda wangu, maana sikutaka kumdanganya. Zipo asubuhi ambazo nilisita kweli, hasa siku za mwanzo baada ya dripu, akiwa na rangi ya majivu na macho yamezama. Alingoja. Hakunihimiza. Mwishowe nilisema, "Upo," naye akajibu, "Nipo," halafu nikaenda shule. Asubuhi moja nilihisi mtu nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama kizingitini, viatu vya machimboni mkononi. Nilipomaliza kutazama, kabla sijasema, yeye akasema, "Upo." Mama aligeuza kichwa akamtazama kwa muda mrefu. "Ingia ndani, Baba Leti," akasema. "Unapitisha baridi."

Kabula aliniuliza bombani habari zimeishia wapi. "Kwa hiyo ni msukule au siyo?"

"Ulimi anao," nikamwambia.

"Basi ni mzima?"

"Bado tunaangalia."

Mama alimaliza dripu. Akaenda kupigwa hiyo mionzi, akarudi na ngozi ya kifua iliyoungua ikawa nyeusi na kubanduka, na safari hii nilipouliza alinionyesha. Nywele ziliota, zikaja na mawimbi ambayo hakuwa nayo zamani. Vidole havikurudi vyote. Hadi leo anasuka polepole, na mistari yake si ya rula tena, lakini wapo wanaomngojea yeye tu. Anakwenda Mwanza kuchunguzwa, anarudi, tunapumua. Mama Minza, aliyetangulia kupona, ndiye ambaye ugonjwa ulimrudia miaka mingi baadaye, na mama ndiye aliyehamia Didia kumshikia beseni. Kwa nini yeye na si huyu, nimejiuliza mpaka nimechoka. Mama hulijibu swali hilo kwa neno lile lile alilonijibu siku ya uji: sijui.

Lakini kuna asubuhi moja ya utotoni inayonijia mara nyingi. Ilikuwa baada ya mionzi, msimu wa mvua. Nililala nikapitiliza, kengele ya kwanza ya shule ikasikika, nikaruka na kuvaa sare kinyumenyume, nikatoka mbio bila kupita chumbani. Nilikuwa nimeshavuka maduka ya mchele, karibu na njia ya kwenda stendi, niliposikia kelele nyuma.

"Weweee! Leti!"

Niligeuka. Barabarani, katikati ya madimbwi, kati ya bodaboda na akina mama wenye ndoo za maandazi, mama yangu alikuwa anakimbia. Miguu peku, khanga ameikamata mkononi isianguke, kichwa wazi mbele ya Masumbwe yote, nywele zake mpya kama ukungu. Alikuwa hajakimbia tangu augue. Watu walisimama kumtazama. Yule mwanamke aliyeulizia nywele zake alikuwa mlangoni mwa duka, mdomo wazi.

Mama alisimama, akainama, akashika magoti, anahema. Kisha akainua uso.

"Hujaniambia!" akapiga kelele.

Nikamtazama. Nilimtazama vizuri, kama kazi yangu ilivyotaka, matope yamempanda mpaka magotini, kifua kinapanda na kushuka.

"Upo!" nikapaza sauti.

"Nipo!" akajibu, akanipungia mkono niwahi shule.